Nguzo ya Saba na Bakuli la Baba

Hinterlarch,
Jumapili ya Matawi.

Kwako Kaka Romed,

Salamu nyingi zikufikie huko Linz, wewe na wifi Gudrun na watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa ukikohoa kwenye simu kimekwisha. Kama hakijaisha, mwambie wifi akuchemshie vitunguu na asali kama alivyokuwa akifanya mama, achana na hivyo vidonge vyako. Huku sote tu wazima. Theluji ya bondeni imeyeyuka, ya kwetu bado inafika kwenye dirisha la banda. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama wote majike. Baba anakula, anagomba, na leo asubuhi baada ya misa amemwambia padri kwamba matawi ya mwaka huu yamekatwa ovyo.

Najua unatafuta jambo moja tu katika barua hii, na nakujua tangu utotoni: utaruka mistari kulitafuta. Tafadhali usiruke. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikata kauli, na mimi nikikatwa kauli napandisha sauti, tunagombana, halafu jambo lenyewe linabaki palepale.

Unakumbuka tulivyoagana mwezi wa Januari. Ulisema chumba cha Baba kimepatikana katika nyumba ya wazee kule mjini bondeni, watakushikia mpaka Pasaka, na kinachokosekana ni saini yangu. Ulisema mzee anayesikia kengele zikiimba zenyewe hawezi kuachwa alale peke yake na moto jikoni, nami nalala kule chini karibu na kituo cha lifti ya viti inayopandisha wageni mlimani. Nikakujibu kwamba zinaimba kweli, nguzo ya lifti ndiyo inayozitikisa. Ukacheka. Halafu ukatoa sharti lako: "Haya Burgi, itulizeni hiyo nguzo yenu. Mzee akinyamaza, abaki. Akiendelea kusikia mvumo, basi ni kichwa, na utatia saini bila maneno." Nami kwa kiburi changu nikasema sawa. Nilikuwa nimeweka simu mezani kwa sauti kubwa ili niendelee kumenya viazi. Baba alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma ya jiko, au mimi nilidhani amelala.

Sasa ngoja nikueleze ilivyoanza, maana wewe ulisimuliwa na Kreszenz, na jirani yetu huyo hajawahi kusimulia kitu bila kukitia chumvi.

Kiangazi kilichopita kampuni yetu ya lifti iling'oa ile lifti ya zamani ya viti vya watu wawili, ikaweka mpya ya watu sita, ya mwendo kasi. Nguzo yake ya saba imesimama kwenye malisho yetu, nyuma ya nyumba, juu ya mwamba uleule unaotokeza kwenye ukuta wa stoo ya chini. Ukumbuke huo mwamba. Lifti ilipofunguliwa kabla ya Krismasi, Baba akaanza kulalamika kwamba kengele zinanung'unika. Anasema zile kubwa ambazo ng'ombe huvishwa siku ya kushuka kutoka malisho ya mlimani, ambazo mama alizitundika kwenye boriti ya mbele, chini ya paa. Hakuna aliyemjali, na mimi nilidhani ni upepo wa kusini. Basi Baba akafanya anachofanya mtu mwenye akili timamu akitaka kengele inyamaze: akapanda ngazi, akazijaza nyasi kavu.

Lo! Unajua mwenyewe kwetu kengele iliyojazwa nyasi maana yake nini. Unakumbuka mwaka ule ng'ombe wetu wa kijivu alipoporomoka gengeni, tukashusha kundi lote bila maua, kengele zimezibwa nyasi kwa maombolezo, watu wakavua kofia njiani. Sasa Kreszenz anapita asubuhi na sleji yake ya kuburuta kuni kwenye theluji, anaona kengele zote za baba yetu Kassian zimezibwa midomo, katikati ya baridi, ng'ombe wako bandani. Mchana akarudi na keki, mshumaa na dada yake, kutoa pole. Baba akamwuliza pole ya nini. Akasema ya ng'ombe. Baba akamwambia, "Ng'ombe wangu wazima, wewe mama. Ni hizi kengele tu ndizo zinazonipigia makelele." Kreszenz akazitazama kengele, kimya kabisa na nyasi zikichungulia midomoni. Akaiweka keki mezani taratibu, akarudi nyumanyuma kama anayetoka chumba cha mgonjwa. Jioni kijiji kizima kilijua Kassian anaomboleza ng'ombe aliye hai, na kesho yake ukapigiwa simu wewe. Keki ilikuwa nzuri sana, sitasema uongo.

Mimi niliamini siku ambayo Baba alinishika mkono na kunipeleka stooni. Bado anatengeneza jibini letu la kijivu, na bado anayaweka maziwa usiku kucha katika yale mabakuli ya mti ya mama, mapana na mafupi, ili malai yapande aje ayaengue. Ilikuwa Jumamosi, wageni wamejaa mlimani. Akaniambia, "Haya fundi, njoo uone kazi ya kampuni yenu." Niliinama. Juu ya maziwa kulikuwa na duara ndani ya duara, nyembamba, zimepangana sawasawa kutoka ukingoni hadi katikati, na hazitulii. Malai yalikuwa yamesukumwa pembeni, yamejikunja. Nikaweka kiganja kwenye mwamba wa ukutani. Nikaweka na shavu. Kaka, ulikuwa unatetemeka, tena kwa mpigo uleule, nikausikia mpaka kwenye meno.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipaswa kumwonea huruma mzee, lakini kwanza nilifurahi kama siku ile nilipofungua saa ya babu. Wewe uliona kipigo kinachokuja. Mimi niliona magurudumu.

Papo hapo nikampigia simu Pirmin, mwenzangu anayeendesha mtambo kule kituo cha chini, nikamwomba apunguze mwendo kidogo. Duara zikapotea. Nikamwambia aongeze, bado kimya. Aongeze tena, mpaka mwendo wa kawaida wa wageni, zikarudi zote. Tukarudia hivyo mara kadhaa, mimi nimepiga magoti mbele ya bakuli, Baba amesimama nyuma yangu amekunja mikono kama hakimu. Pirmin akachoka: "Burgi, unaendesha lifti kutoka stoo ya maziwa? Kuna Wajerumani foleni nzima huku wananitolea macho!"

Nilipolipeleka jambo hilo kwa mkubwa wetu Lechthaler, alicheka kwanza. Alisema wiki iliyopita mzee amezika ng'ombe, leo ameajiri maziwa kuwa wakaguzi. Akanikumbusha kwamba nguzo ilikaguliwa yote kabla ya kufunguliwa. Ni kweli ilikaguliwa, lakini mafundi wakiwa juu ya nguzo lifti huendeshwa polepole, na polepole nguzo ya saba imetulia kama mtoto kanisani. Lechthaler si mtu mbaya. Alinipa mipira mipya ya kuvisha roda, yale magurudumu madogo yanayopokea kamba ya chuma juu ya nguzo, kwa sababu baridi huufanya mpira uwe mgumu na kamba ikapita ikinguruma. Mimi na Pirmin tulipanda tukabadilisha yote, vidole vimekufa ganzi. Kelele ikapungua kweli. Lechthaler akasimama chini ya nguzo, akatega sikio, akasema kazi imekwisha. Baba akamleta stooni, akamwonyesha bakuli. Duara zilikuwepo vilevile. "Mmeifunga mdomo," Baba akamwambia, "lakini bado inatetemeka."

Kuanzia hapo Lechthaler hakucheka tena. Aliwaandikia waliotujengea lifti, nao wakamtuma mhandisi wao mmoja, mwanamke anaitwa Annelie Prugger, mwenye nywele fupi na maswali mengi kuliko mimi. Alikuja na visanduku vidogo vya kupima mtikisiko, vyenye sumaku, akavibandika kwenye nguzo kutoka mguuni mpaka kwenye mkono wake wa juu, na kimoja akakiweka kwenye mwamba wa stooni, karibu na mabakuli. Aliyatazama maziwa muda mrefu. Halafu akasema hajawahi kuona kipimo kizuri namna hii kinachoweza pia kunywewa. Baba akampenda tangu dakika hiyo.

Jioni tulikaa naye mezani kwa supu ya shayiri, naye akatueleza. Alisema kila nguzo ina mwendo wake wa kuyumba, hata kama macho hayauoni, kama vile bembea ilivyo na mwendo wake. Kila kiti kimeibana kamba kwa kibano cha chuma, na kibano kikipita juu ya roda huzigonga moja baada ya nyingine, tak-tak-tak. Mapigo yakija kwa mwendo usiolingana na wa nguzo, yanapishana nayo na kufa. Lakini yakilingana, ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: kila msukumo mdogo, bembea inazidi kwenda juu. Nguzo ya saba, kwa urefu wake na roda zake zilivyopangwa, inalingana na mwendo ule ambao wageni wetu wanaupenda. Mwamba unaupokea mtikisiko na kuuleta kwetu. Nguzo nyingine zote hazina neno.

Baba akauliza kwa nini basi wasipunguze mwendo. Annelie akajibu kwamba hiyo ndiyo dawa rahisi kuliko zote, isipokuwa Lechthaler atalia machozi. Dawa ya pili ni kupanga upya roda, lakini hiyo ni kazi ya kiangazi. Ya tatu ni kuipa nguzo mwenzake: kwenye mkono wake wa juu unafungwa uzito mkubwa wa chuma juu ya springi, na pembeni yake bomba la mafuta. Nguzo ikivutwa huku, uzito unachelewa na kuvuta kule, na mafuta yanazimeza zile nguvu, yanapata joto kidogo, basi. Kijiko cha Baba kikasimama hewani. Halafu akasema, "Ni kama kubeba ndoo ya maziwa wawili kwa mti mmoja. Mkienda hatua sawa, maziwa yanaruka. Mmoja akibadilisha hatua, yanatulia." Annelie akagonga meza kwa furaha, akasema angekuwa na wanafunzi angewaleta kwetu.

Uzito ulikuja mwezi wa Machi. Tuliufunga siku ya tufani, lifti ikiwa imefungwa kwa upepo, na kesho yake alfajiri kabla ya wageni tukaendesha kwa kasi kamili ili kuulinganisha. Unaongezwa bati moja la chuma, unapunguzwa moja, mpaka mwendo wake ukae sawa. Annelie alikuwa na kompyuta yake mguuni mwa nguzo, Baba yuko stooni na simu sikioni. Tulisikia, "Bado. Bado. Imepungua. Bado." Kompyuta ikasema hapo panatosha. Baba akabisha, akadai bati moja zaidi. Annelie, kwa heshima, akaliongeza. Punde simu ikasema kwa sauti ndogo, "Rudisha. Binti yuko sahihi." Tukalirudisha, nami nikakimbia stooni kuona. Kaka, maziwa yalikuwa yametulia kabisa. Juu, nyuma ya nyumba, viti vilikuwa vinapita kimoja baada ya kingine kwa mwendo wote, na katika bakuli la mama hakuna hata mstari.

Baba akatoka, akapanda ngazi, akaanza kuzing'oa nyasi kwenye kengele, moja moja, bila haraka hata kidogo. Nilifahamu kwa nini hana haraka pale Kreszenz alipotokea na sleji yake. "Habari za asubuhi, Kreszenz!" Baba akamwita kutoka juu. "Ng'ombe amefufuka!" Pirmin alicheka hadi akakaa kwenye theluji. Tulikunywa kidogo pombe ya mizizi, Lechthaler naye akaja. Annelie akamwuliza Baba rasmi, kalamu mkononi, nguzo imenyamaza? Baba akajibu, "Nguzo imenyamaza."

Ningekupigia saa ileile, nikushinde, nikate simu. Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni kwa sababu Baba alipoliweka gilasi chini hakunitazama.

Sasa, Kaka, soma taratibu.

Siku chache baadaye niliwahi kufika asubuhi, nikamkuta stooni na taa, ameinamia lile bakuli dogo la mama lenye ufa. Haikuwa siku ya jibini. Nikamwuliza anatafuta nini. Akaniambia bado anasikia. Mvumo uleule, zaidi sikio la kushoto, hata lifti ikiwa imesimama, hata siku ya tufani. Nilikaa kwenye ngazi. Niliogopa, sikufichi. Niliwaza chumba chako cha bondeni, nikawaza kwamba ulikuwa sahihi nami nimemfanya kila mtu kijijini mjinga. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini alisema imenyamaza.

Alinishangaa. Alisema aliulizwa habari za nguzo, na nguzo imenyamaza kweli. Kisha akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Akiusikia mvumo, haamini sikio lake wala halikatai. Anamimina maziwa kidogo, anashuka, anatazama. "Yakitikisika, ni wa nguzo, nitawapigia nyinyi mafundi. Yakitulia, ni wangu mwenyewe, narudi kunywa kahawa yangu." Alisema huenda huo wa kwake ulikuwepo hata kabla ya lifti, ila ile mivumo miwili ilikuwa imeingiliana, na asingejua kuitenganisha kama Annelie asingeondoa mmoja. Alhamisi nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alisema masikio ya uzee hujitengenezea sauti, wazee wengi wanayo, na halina uhusiano wowote na akili. Baba akamwambia, "Hilo maziwa yameshaniambia."

Lakini bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Siku ile stooni, nilipodhani tumemaliza, alisema, "Sasa mwandikie Romed. Usimfiche. Ulikubali sharti mbele yangu." Kumbe nyuma ya jiko hakuwa amelala. Tulipopanda juu nikauona mfuko wake karibu na mlango: viatu vya Jumapili, wembe, picha ya mama, blanketi. Ulikuwa umefungwa tayari. Hakulalamika, hakukutukana. Aliniuliza jambo moja tu: kama huko bondeni wanaruhusu mtu kushuka na bakuli lake, na kama asubuhi wanaweza kumpa maziwa kidogo. Alisema, "Bila hivyo nitajuaje mvumo upi ni wangu na upi ni wa nyumba?"

Basi, Kaka, kwa sharti lako umeshinda. Anasikia bado. Nimekuandikia ukweli kama alivyoniagiza, na hii ndiyo barua ya kwanza ambayo Baba amekaa mezani akingoja niimalize. Lakini saini yangu huipati. Tulisema akiendelea kusikia basi ni kichwa, na wote wawili hatukujua tunasema nini. Mtu anayeshuka kila asubuhi kulipima sikio lake mwenyewe, akalikubali jibu hata likiwa baya kwake, huyo kichwa chake kizima kuliko changu. Mimi nilipokuwa na hakika nimekushinda, sikupima chochote.

Njoo Pasaka. Mfuko bado uko mlangoni, amenikataza kuugusa, anasema ni kati yako na yeye. Uje uufungue mwenyewe au uubebe mwenyewe, lakini kabla ya hapo ushuke naye stooni asubuhi moja, uiname kama nilivyoinama mimi.

Nisalimie sana wifi na watoto. Mwambie Florin ndama mdogo kabisa bado hana jina, anamsubiri yeye. Pirmin anakusalimu. Kreszenz anakusalimu pia na anauliza kama umeshasikia kwamba baba yako amepona. Nakutumia jibini moja, usiliweke ndani ya gari kwenye jua. Baba anasema uje na viatu vya theluji, si vile vya ofisini, na anakuuliza, kwa heshima, asubuhi unaamka saa ngapi siku hizi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Burgi.